Alhamisi ya mchanga, Alhamisi ya maji

Skuli yetu iko hatua mia mbili hivi kutoka baharini, katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja. Kwa miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kulipeleka darasa langu la maandalizi ufukweni hata siku moja. Mimi ni mtu wa mjini, nimekulia mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar, na bahari kwangu ilikuwa kitu cha kutazama kwenye bustani ya Forodhani jioni huku unakula mishikaki. Watoto wangu, wa miaka 5 na 6, bahari ni ua wa nyumba zao. Nikajiambia kuwa nikiwatoa darasani kuwapeleka huko nitakuwa nimewarudisha kwao tu, na wazazi watauliza skuli kazi yake nini.

Ninachokieleza hapa ni muhula mmoja niliobadili mawazo, kosa nililolifanya katika wiki ya saba ya muhula huo, na maneno mawili ambayo mtoto mmoja aliniambia wiki mbili kabla ya kosa. Niliyasikia, nikayaandika kabisa daftarini, lakini niliyaandika mahali pasipo pake. Masimulizi ya masomo ya nje huandikwa zaidi kwa kusifu: watoto walifurahi, walijifunza, wakarudi. Wangu pia walifurahi. Ila siku moja walirudi wamebebwa.

Mwanzo wake ulikuwa kapu la makombe. Walimu wa maandalizi wa pwani tumezoea vitu vya mahali tulipo. Madrasa Resource Centre, iliyoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, iliwafunza walimu wengi kutengeneza vifaa vya darasani kwa vitu vya karibu, badala ya kungoja vya dukani. Mimi nami nilikuwa na kona yangu: vifuu, mbegu, vijiti, na kapu hilo la makombe ya kuhesabia. Siku moja mtoto wa kike akachukua kombe, akalichungulia ndani, akaniuliza, "Mwalimu, mwenyewe yuko wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Makombe yale nilimwagiza mtu aniokotee. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa pwani kuhesabu kwa nyumba za wanyama ambao mimi mwenyewe sijawahi kuwaona wakiwa hai.

Mpango

Nilimwomba mwalimu mkuu dakika 45 kila Alhamisi, saa nne asubuhi, baada ya uji. Watoto 27, watu wazima wawili: mimi na msaidizi wangu. Mahali pawe pale pale kila wiki. Tutafikia chini ya mti mmoja wa mkungu ulio juu ya ufukwe, tukae hapo kwanza, halafu tushuke moja kwa moja mbele yetu. Kandambili ni lazima kwa kila mmoja, kwa sababu ya wale viumbe wa miba myeusi wanaochoma nyayo. Wote washike kamba moja wakati wa kwenda na wa kurudi.

Hilo la mahali pamoja nililishikilia sana, na mpaka leo ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote. Skuli zetu zinaijua safari ya mara moja kwa mwaka: basi limekodiwa, soda, watoto wamevaa vizuri, wanapelekwa kuona kitu kikubwa mbali. Sina ugomvi nayo, inabaki kumbukumbu nzuri. Lakini mtoto wa miaka 5 akifika mahali mara ya kwanza kila kitu ni kigeni, kwa hiyo hana cha kulinganisha na chochote. Mara ya tatu ndipo anapokwambia, "Hili jiwe jana halikuwa hapa," ingawa jana yake hiyo ni wiki mbili zilizopita. Denmark wana chekechea za msituni tangu miaka ya 1950, watoto wanashinda nje mvua na jua, na wengi tunaosimuliwa habari hiyo tunafikiri siri yake ni msitu. Mimi naona siri ni kwamba watoto wanarudi kwenye miti ile ile.

Alhamisi ya kwanza tulikuta bahari imekwenda zake. Mchanga mtupu, vidimbwi, mwani umelala kwenye mistari ya vijiti, na kwa mbali sana weupe wa mawimbi yanapovunjikia mwambani. Maji yalikuwa bado yanatoka. Mtoto mmoja alichomeka kijiti ukingoni mwa maji. Tulipokwenda kuangalia viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, na kurudi, kijiti kilikuwa kimeachwa nchi kavu, maji yako hatua kumi na mbili mbele yake. Walihesabu wenyewe. Yule wa kombe alipata jibu lake siku hiyo hiyo: kombe lilimtembea kiganjani, ndani yake mna kaa mdogo, na rafiki yake akamweleza kwa utulivu wa mtu mzima kwamba huyo si mwenyewe, huyo amepanga tu.

Alhamisi ya pili, saa ile ile, hakukuwa na mchanga. Maji yamejaa, yametulia, yanameta.

"Nani kayaleta?"

Tulikaa chini ya mkungu tukakusanya majibu. Maji yalikwenda Bara yakarudi. Nyangumi aliyanywa akayatapika. Mungu kayaita. Mmoja, ambaye baba yake mvuvi, alisema maji yalikuwa yamechoka. Nilipowasimulia walimu wenzangu jibu hilo wakacheka, kisha mzee mmoja aliyekuwa anapita akatukumbusha kwamba watu wazima wenyewe huyaita maji mafu.

Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo, wa pwani aruke. Bahari ya kwetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapungua. Upande wetu huu, siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa tatu na saa sita, na siku za maji mafu saa hizo hizo ndiyo yamejaa. Kutoka bamvua mpaka bamvua ni wiki mbili na kidogo. Sasa mtu anayechagua siku moja ya wiki na saa moja, kama mimi, hata bila kujua lolote, atakuta mchanga wiki hii, maji wiki ijayo, mchanga, maji, mchanga, maji. Bahari ikawa kama imekubali ratiba yangu.

Hiyo "na kidogo" ndiyo iliyokuja kunitia adabuni.

Kamba

Tulitaka kuweka kumbukumbu, na watoto hawa hawajui kuandika. Mama mmoja alitupa kipande cha kamba ya kulimia mwani, tukakitundika ukutani. Kila tukirudi tunafunga kitu: siku ya mchanga kombe lililotobolewa, siku ya maji kitambaa cha buluu kilichokatwa kwenye kanga kuukuu. Wiki ya nne kamba ilikuwa na kombe, kitambaa, kombe, kitambaa. Nikawauliza Alhamisi ijayo tutafunga nini. Darasa zima: "Kombe!"

Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Mtaala wa elimu ya awali wa Bara wa 2016 ulitaja kutumia dhana za kihisabati na kutunza mazingira miongoni mwa umahiri wa mtoto. Kenya wana shughuli za mazingira tangu darasa la PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali. Hapa nilikuwa na mfuatano halisi, uliotoka baharini, uliofungwa kwa mikono ya watoto, na wenye utabiri unaotimia. Nilipiga picha ya kamba nikamtumia kila ninayemjua.

Mtoto wa kijiti naye aliendelea na kazi yake. Kila siku ya mchanga alichomeka kijiti ukingoni mwa maji na kukirudia kabla hatujaondoka. Hakuna aliyemwagiza. Wiki ya tatu kijiti kilibaki karibu pale pale, maji hayakusogea mbele wala nyuma. Wiki ya tano alikikuta ndani ya maji, yamekifika nusu. Alikuja mbio akanishika gauni.

"Mwalimu, maji yanatufuata."

Nilimsifu. Nilimwambia amesema vizuri sana. Jioni nikafungua daftari ninaloandikia maendeleo ya kila mtoto, na chini ya kichwa cha "Kuwasiliana" nikaandika kwamba anatumia lugha ya picha, anaipa bahari uhai kama mtu. Niliweka alama ya vema.

Alhamisi ya saba

Kamba ilisema mchanga, na tulikuta mchanga. Tulishuka saa nne na dakika kumi, tukaenda mbali kuliko siku zote, kwa sababu watoto walitaka kuwaona mama zao mashambani. Zao la mwani lilianza kulimwa kibiashara huku mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wengi ni wanawake. Siku za bamvua nusu ya kijiji cha kike iko baharini.

Tulipofika, wengi wa akina mama walikuwa wanafunga magunia. Hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa na akili ya mahali. Mimi niliona tu kwamba tumewakuta wakimaliza kazi.

Kati ya mashamba na ufukwe pana mkondo, bonde la mchanga ambalo wakati wa kwenda tulilivuka kwenye kiasi cha vidole vya maji. Ufuo wa huku ni bapa. Maji yanapoanza kurudi hayaji kwa mstari kutoka mbele ili uyaone. Yanapita kwenye mikondo kwanza, yanakuzunguka, halafu ndipo mchanga uliosimama juu yake unapogeuka kisiwa. Na hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda taratibu sana hata huwezi kujua kama yamegeuka. Ya pili yanaongeza. Ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia.

Bibi mmoja ndiye aliyepiga ukelele: "Mwalimu! Maji yanajaa nyuma yenu!"

Nikageuka. Ndoo yetu, niliyoiacha upande wa pili wa mkondo, ilikuwa inaelea. Nilipoingia mkondoni kupima, maji yalinifika juu ya goti. Goti langu ni kiuno cha mtoto wa miaka 5, na kwa wadogo wawili wa darasa langu ni zaidi ya kiuno. Maji yanasukuma. Sikuwa na cha kufanya kwa mikono miwili na ya msaidizi wangu. Walichofanya akina mama ni kutupa magunia ya mwani chini, wakaja kila mmoja akabeba mtoto, wengine wawili wawili, wakavusha, wakarudi. Haikuchukua dakika kumi. Watoto wengi walidhani ni mchezo. Mmoja alilia, kwa ajili ya kandambili yake iliyochukuliwa.

Hakuna aliyeumia. Gunia moja la mwani lilikwenda na maji, na hilo ni pesa ya mtu.

Jioni yake

Kikao kilifanyika siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Baba mmoja alisema maneno niliyoyatarajia kwa miaka mitatu: "Mwanangu bahari anaiona kila siku. Nimemleta hapa asome." Mwalimu mkuu alisimamisha safari kwa wiki mbili, nami nilimwona yuko sahihi. Kisha mama aliyepoteza gunia akasimama. Nilijua atadai fidia, nikajitayarisha. Hakutaja gunia. Alisema, "Mwalimu, shikamoo yetu unaipokea kila asubuhi tunapoleta watoto. Siku zote hizo hukuweza kutuuliza maji yanajaa saa ngapi?"

Msaidizi wangu, mzaliwa wa kijiji, alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimuuliza baadaye kama alijua. Alijua. Alidhani mimi nimeshapiga hesabu, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea.

Nilikosea wapi

Katika siku mbili tatu za kwanza nilijipa jibu rahisi: nilikosea kwa kutotazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Ni kweli, na mwalimu yeyote anayetaka kuwapeleka watoto baharini aanze na hilo kabla ya kitu chochote. Lakini jibu hilo halikuniridhisha, maana kwa wiki saba nilikuwa na jedwali ukutani. Nilikuwa na kamba. Kwa nini ilinidanganya?

Haikudanganya. Iliniambia ilichojua. Kamba yetu ilikuwa na maneno mawili tu, mchanga na maji, na kwa maneno hayo mawili ilikuwa sahihi hata siku ya saba. Haikuwa na neno la saa. Zile siku 14 za wiki zangu mbili ni pungufu ya zile za bahari kwa robo tatu ya siku. Kwa hiyo kila Alhamisi ya mchanga ilikuwa inakuta maji yameshapwa mapema zaidi, kama nusu saa hivi, kuliko Alhamisi ya mchanga iliyotangulia. Nilipokaa na kuhesabu nyuma nikapata picha yote: wiki ya kwanza maji yalipwa kabisa karibu na saa tano kasorobo, sisi tukawa tunaondoka. Wiki ya tatu saa nne na robo, tuko katikati ya ziara. Wiki ya tano saa nne kasorobo, tulipofika yalikuwa yameshageuka. Wiki ya saba saa tatu na robo. Tulishuka karibu saa nzima baada ya bahari kuanza kurudi, tena siku hiyo ndiyo tuliyokwenda mbali.

Sasa rudi kwenye kijiti. Wiki ya kwanza maji yalikiacha. Ya tatu yalisimama nacho. Ya tano yalikimeza. Kila nilichokipata kwa kalamu na karatasi baada ya hatari kilikuwa kimeshapimwa kabla ya hatari, na mtu wa miaka 5, kwa kijiti cha mkungu, naye akaja mbio kutoa ripoti. Alisema maji yanatufuata. Ilikuwa taarifa. Mimi niliisikia kama shairi.

Nimeligeuza sana jambo hili kichwani. Sisi walimu wa watoto wadogo tumefunzwa kupenda wanavyosema. Tunakusanya misemo yao, tunacheka kwa mapenzi, tunaisimulia. Ndani ya mapenzi hayo mna dharau ndogo ambayo sikuwa nimeiona: tunachukulia kwamba mtoto akisema jambo la ajabu basi anasema namna, hasemi kitu. Darasani dharau hiyo haina gharama kubwa. Nje, ambako mtoto anatazama kitu kilicho kweli mbele yake, kilicho karibu kwake na mbali kwako, inaweza kuwa na gharama. Macho yake yako karibu na ardhi kuliko yako, na hana ratiba kichwani inayomwambia nini atakiona.

Kuna la pili, na hili ni la aibu zaidi. Niliridhika na kiwango cha maarifa cha darasa langu. Watoto walipogundua zamu ya mchanga na maji nilishangilia, na shangwe ile ikanifanya nisahau kwamba kwao huo ni mwanzo na kwangu haikupaswa kuwa mwisho. Mwalimu anayejifunza pamoja na watoto ni jambo zuri kusemwa kwenye semina. Lakini mmoja wao lazima awe ametangulia hatua kadhaa, hasa mahali penye maji.

Kilichofuata

Yule mama wa gunia ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Hana saa. Anahesabu kwa tarehe ya mwezi mwandamo, ambayo huku inajulikana na kila mtu kwa sababu ya chuo cha Kurani na funga za sunna. "Mwezi mosi," alinambia, "maji ya asubuhi yanapwa saa tano. Mwezi kumi na tano vivyo hivyo. Kila siku unayosogea mbele ongeza saa kasorobo, ukirudi nyuma punguza. Siku ile yenu mwezi ulikuwa kumi na tatu. Saa nne ulikuwa unafuata nini?"

Nikamwambia nilikuwa nafuata Alhamisi.

"Alhamisi," akasema, "ya kusomea hitima."

Tulipanga upya, na mpango ukawa wa sehemu mbili ambazo hazilingani vizuri kwenye karatasi ya ratiba. Alhamisi saa nne ilibaki, lakini ni ya chini ya mkungu tu, juu ya alama ya maji, hata bahari iwe kavu namna gani. Hapo tunapanga vilivyotupwa na maji: mbegu za mikoko, nyasi za baharini, vipande vya kamba, plastiki nyingi kuliko nilivyopenda. Kushuka chini ni siku za bamvua peke yake, siku yoyote ya skuli itakayoangukia mwezi mosi hadi mwezi tatu, au kumi na tano hadi kumi na saba. Tunatoka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa, na tunageuka kabla hayajaanza kurudi. Kanuni hiyo ya mwisho ni ya akina mama, na mtoto wa miaka 5 anaweza kuisimamia mwenyewe: kijiti kikiachwa, tupo, maji yakisimama na kijiti, tunakwenda nyumbani. Sasa kijiti kinachomekwa na kila kikundi.

Siku hizo za kushuka ndizo siku ambazo mama zao wako baharini, kwa hiyo watu wazima si wawili tena. Huwa saba, nane, kila mmoja na kazi yake na jicho lake. Sikulipanga hilo, limekuja na bamvua. Nami namshauri mwalimu asishuke kwenye maji na watoto 27 kwa watu wazima wawili, hata akiwa na jedwali na mwezi na saa. Mwalimu mkuu bado haipendi ratiba isiyokuwa ya wiki, kwa sababu mkaguzi akija hatajua pa kutukuta. Tumelibandika tangazo mlangoni, tarehe za mwezi upande mmoja na za kawaida upande wa pili. Baba aliyelalamika hajabadili mawazo yake. Mwanawe anakuja, kwa ruhusa ya mama yake.

Limebaki swali ambalo walimu wenzangu huniuliza zaidi, na jibu langu haliwaridhishi. Je, niliwaambia watoto kwamba mwezi ndio unaovuta maji? Hapana. Tulianza kuchora mwezi karibu na kamba, mwembamba, nusu, mzima, na baadhi yao wakaanza kuona kwamba mchoro wa mwezi mzima unakaa jirani na kombe. Hapo niliacha. Nyangumi aliyeyanywa maji yuko hai bado katika vichwa vya watoto wawili watatu, na simwogopi. Atakufa mwenyewe darasa la nne au la tano. Ninaogopa zaidi mtoto anayeweza kutamka kwamba mwezi unavuta bahari na hajui kama maji yaliyo mbele yake yanatoka au yanaingia. Mtu mzima wa namna hiyo namfahamu vizuri.

Mwani nao ulituletea somo ambalo halikuwa kwenye mpango. Mama mmoja aliwaonyesha watoto matawi yaliyogeuka meupe na kulainika, akawaambia maji yakiwa moto sana mwani unaugua, na ile aina yenye bei nzuri ndiyo inayougua zaidi. Waligusa maji ya kidimbwi, kisha ya mkondoni, wakabishana yapi ni moto. Nusu saa nzima. Sikusema neno.

Kamba imebaki. Tumeongeza kitu cha tatu, alichokichagua mtoto wa kijiti: kipande cha kijiti kilichopakwa rangi nusu, kwa siku ambazo mchanga upo lakini maji yanarudi. Nilitaka pia kujaza zile wiki mbili tuliposimamishwa. Mfuatano ulikuwa wazi kabisa, kitambaa halafu kombe, mimi mwenyewe nilipita ufukweni siku hizo nikaona. Watoto walikataa. Wakafunga mafundo mawili matupu.

Mkaguzi alipokuja, mwezi wa mwisho wa muhula, aliifuata kamba kwa kidole tangu mwanzo, akifurahi, mpaka akafika kwenye mafundo yale. Akamuuliza aliyekuwa karibu naye ni nini.

"Hapo hatujui," akasema mtoto. "Hatukwenda."